Uji wa Baba Mlezi

Ipo nchi moja ambayo jina lake halisi tuliache kwanza, maana wenyewe hawapendi litajwe na mtu aliyekaa, na msomaji huenda amekwisha kujinyoosha vizuri. Tuiite Shwarini. Ni nchi nzuri. Mvua hunyesha baada ya kuruhusiwa, ng'ombe wana adabu, na kwa mujibu wa redio ya taifa hakuna mfanyakazi wa nchi hiyo aliyewahi kukasirika. Wapo waliowahi kuchoka kidogo. Walipumzika, wakaendelea.

Kwa hiyo ukikutana na mtu anayekwambia kwamba Shwarini kuliwahi kuwa na mgomo, ujue mtu huyo ni mgeni, au ana homa, au ni Bi Nyamizi.

Bi Nyamizi alikuwa mama yake Mwasiti, na Mwasiti ndiye tutakayemfuata hadi mwisho. Alikuwa mpiga picha za video za arusi katika mji wa Mkongeni, kazi aliyojifunza kwa kuharibu arusi za jamaa zake wa karibu, ambao hawakuwa na pa kushtaki. Mji wenyewe ulizaliwa na korona. Si ule ugonjwa. Korona hii ni ya zamani zaidi na ilikuwa na kelele zaidi. Ni kiwanda cha kusaga majani ya mkonge yatoke nyuzi. Akina mama wa Mkongeni walilisha mtambo, waliosha nyuzi, wakazianika kwenye kamba, kutoka giza la asubuhi hadi giza la jioni, siku zote za wiki, na wiki haikuwa na mwisho.

Sasa wiki ina mwisho. Jumapili watu wa Shwarini hulala. Na namna walivyoipata Jumapili hiyo kila mtoto wa shule anaijua. Asubuhi moja Baba Mlezi, mwasisi wa taifa, alikuwa barazani akinywa uji. Akaona mfanyakazi anapita na jembe begani. Akaingiwa na huruma nzito kiasi kwamba uji ulimmwagikia kwenye suruali, na kabla haujapoa akawazawadia wafanyakazi wote siku ya mapumziko. Suruali yenyewe iko makumbusho, ndani ya kabati la kioo. Doa la uji linaonekana wazi, na kila mwaka kabla ya sherehe huongezewa kidogo lisije likafifia.

Sherehe hiyo ndiyo Sikukuu ya Uji. Wizara ya Shukrani huwapanga wafanyakazi kwa mistari, kila mmoja na kikombe chake, na taifa zima hunywa uji wima, nyuso zikiwa zimeelekezwa iliko suruali. Bibi vizee waliowahi kufanya kazi korona huwekwa mbele kabisa, kwa kuwa wao ndio walioonja zawadi mapema.

Bi Nyamizi hakuwahi kwenda. Kila Sikukuu ya Uji goti lilimuuma, na kesho yake lilipona. Na si kwamba alikuwa hapendi uji. Utotoni alikuwa mtu wa uji wa ulezi hata majirani walimtania. Lakini tangu suruali ile iingie kabatini, uji haukuingia kinywani mwake, hata akiwa mgonjwa. Alisema una ladha ya kitu alichosahau kukitaja.

*

Mwaka tunaousimulia walimzika Bi Mgeni, mwenzao wa korona. Katika wale waliokuwepo siku ya mgomo wakabaki wawili tu, Bi Nyamizi na shoga yake Skolastika, ambaye mji mzima ulimwita Bi Skola. Waliporudi kutoka makaburini Bi Nyamizi hakuvua hata khanga ya msiba. Akamwita binti yake.

"Wewe mwanangu kila Jumamosi unapiga picha watu wanaokula pilau. Mimi na Skola hujatupiga hata siku moja."

"Mama, nyie hamkuolewa Jumamosi."

"Tumefanya kubwa kuliko kuolewa. Nchi hii inalala Jumapili kwa sababu yetu. Nataka kabla sijafa mtu mmoja aniambie asante. Mmoja tu. Kila mwaka naisikia asante inapita mlangoni kwangu, inakwenda kwa suruali."

Bi Skola, aliyekuwa akiosha miguu nje, akasema kwa sauti kwamba yeye angetaka pia kuombwa radhi, ila kama ni vigumu kupatikana, asante itatosha.

Mwasiti akakaa chini. Habari ya mgomo alikuwa ameisikia vipande vipande, kama mtoto anavyosikia mambo ya wakubwa. Siku ile aliisikia yote.

Kuelewa habari yenyewe lazima ujue jinsi watu wa korona walivyozungumza. Mtambo ule ulikuwa ukinguruma hata ukipiga mayowe mwenzako alidhani unapiga miayo. Kwa hiyo akina mama walizungumza kwa mikono. Walikuwa na mkono wa kila kitu: wa maji, wa mimba, wa nyapara anakuja, wa nyapara amelewa. Aliyechelewa kazini wenzake walijivuta sikio, maana yake umechelewa, wewe. Na kwa kuwa utomvu wa mkonge unawasha, hakuna aliyejigusa uso kwa kiganja. Ukitaka kumwambia mwenzako asante, ulipeleka kifundo cha mkono kwenye paji la uso, kisha ukamwelekezea yeye. Watoto wao walinyonya lugha hiyo pamoja na maziwa. Mwasiti aliwahi kugombezwa na mama yake msibani, mbele ya halaiki, wala mtu wa kutoka mji mwingine hakujua kwamba mama yule anafanya zaidi ya kujipepea.

Basi akina mama waliomba siku moja ya kupumzika. Wakakataliwa. Wakaomba tena kwa heshima, wakakataliwa bila heshima. Ndipo neno likaanzia kwenye mtambo, likapita kwa waoshaji, likatoka nje kwa waanikaji, mkono kwa mkono, mbele ya macho ya nyapara aliyesimama katikati yao. Nyapara akadhani wanafukuza inzi. Akaagiza dawa ya inzi.

Kisha ngumi moja ikapanda juu, ikashuka. Ilikuwa ya Bi Nyamizi. Kila mkono ukaacha kazi. Mtambo ukaguna, ukakabwa, ukanyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe mji wa Mkongeni ukasikia kuku wake.

Askari waliletwa kuwatoa. Akina mama walikuwa wameketi nyuma ya ndoo za maji ya mkonge, na maji hayo hayapendi ngozi ya mtu. Askari walirudi kambini wakijikuna. Inasemekana wengine walistaafu wakijikuna. Mwishowe Serikali ikatoa Jumapili, kwa sharti moja dogo: isisemwe kamwe kwamba iliombwa. Na ilipotakiwa kueleza basi imetoka wapi, ndipo uji ukamwagika.

"Sasa hiyo ndiyo filamu," akasema Bi Nyamizi. "Kamera unayo."

*

Kamera alikuwa nayo. Kibali ndicho hakuwa nacho, na Shwarini hupigi picha ya mtu anayezungumza bila kupitia Bodi ya Kusikiliza Filamu.

Ndiyo, kusikiliza. Bodi iliundwa enzi za redio, na ilipofika filamu hakuna aliyekumbuka kubadili kanuni. Wajumbe wote walikuwa wazee wa redio wenye masikio makali. Filamu ilipochezwa, wao waliketi wameipa skrini mgongo, ili picha zisije zikawapotosha katika hukumu. Tangu enzi hizo hadi leo hakuna mjumbe aliyewahi kuiona filamu aliyoikataza.

Mwasiti akaomba kibali cha filamu iitwayo Furaha ya Akina Mama wa Korona. Akapewa siku hiyo hiyo, pamoja na mkaguzi wa kukaa naye wakati wa kurekodi. Mkaguzi aliitwa Bwana Mapasa, mtu mnene mwenye haya, na alibeba kengele ya shaba iliyoitwa Kengele ya Upole. Yalikuwepo maneno ambayo kengele haikuyavumilia: kugoma, kudai, kukataa, na, likitamkwa na watu zaidi ya mmoja, pamoja. Neno likitoka, kengele inalia, na msemaji anarudi mwanzo wa sentensi na kuianza upya kwa maneno "Kwa furaha".

Walirekodi uani kwa Bi Nyamizi. Bwana Mapasa akaamkia, shikamoo mama, shikamoo mama, akaitikiwa marahaba mwanangu, akapewa stuli. Mwasiti akaweka kamera mbali kidogo. Ni mazoea ya arusi: wateja hutaka pete ionekane, hina ionekane, kwa hiyo yeye hakuwahi kukata mikono ya mtu katika picha. Siku ile alikuwa na sababu ya ziada, na moyo ulikuwa ukimdunda hadi akaogopa kengele isije ikausikia.

Bi Nyamizi akaanza. Alisema walikuwa wakifanya kazi siku zote, wakachoka, wakakataa. Kengele ikalia. Akasema kwa furaha walikuwa wakifanya kazi siku zote kwa furaha, mpaka wakadai. Kengele ikalia. Akaendelea hivyo kwa muda, akifurahi zaidi na zaidi kwa mdomo, na uso ukimkunjamana.

Lakini mtu aliyezungumza kwa mikono ujana wake wote, mikono haingoji ruhusa. Mdomo ulipokatizwa, mikono ilikuwa imekwisha kufika mbele. Mdomo ukasema kwa furaha, mikono ikasema nyapara. Mdomo ukasema tulishukuru, mikono ikasema tukapitishiana neno, huyu kwa yule. Ngumi ikapanda, ikashuka. Bi Skola naye akadakia, akaeleza habari za askari na ndoo, huku kwa sauti akisifia hali ya hewa ya zamani. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa utani na hakuweza kujizuia, mikono yake ikatoka nje ya habari ikamwambia mwenzake: mwangalie huyu wa kengele, suruali imembana kama kamba ya robota.

Bwana Mapasa akavuta shati lake chini, akaifunika suruali.

Mwasiti akaganda nyuma ya kamera. Aliona wazi. Mtu yule alikuwa akisoma mikono. Tangu mwanzo. Akili yake ikakimbia mbele: kamera imechukuliwa, yeye amefungiwa kupiga hata picha ya kipaimara, mama yake amepelekwa kwenye ile Idara ya Kusahau kwa Mpangilio, ambako watu huingia na kumbukumbu na kutoka na kikombe cha uji. Akangoja kengele.

Bwana Mapasa akasimama, akabeba stuli yake, akasogea pembeni. "Samahani, dada," akasema. "Nilikuwa nakuzibia mwanga."

Walipomaliza Mwasiti alimsindikiza hadi njiani, kama desturi inavyotaka, na hakujua aanzie wapi. Alianza yeye mkaguzi. Alisema mama yake alikuwa muoshaji wa korona, wakahamia mjini yeye akiwa shule. "Akahama na mikono yake," akasema.

"Kwa hiyo utawaambia Bodi?"

Bwana Mapasa akaitazama kengele yake kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa mwenzake. "Mimi ni mkaguzi wa masikio, dada. Nafasi ya mkaguzi wa macho haijatangazwa."

Akaenda zake. Mwasiti hakulala vizuri, kwa kuwa watu wengi wema wa Shwarini huwa wema hadi wanapofika ofisini.

*

Bodi ikaisikiliza filamu. Mwasiti aliruhusiwa kukaa, naye akawa mtu pekee chumbani aliyeitazama skrini. Mbele yake mama yake aliinua ngumi, kubwa, juu ya migongo ya wajumbe, na wajumbe wakawa wanatikisa vichwa polepole kuonja sauti.

Mwenyekiti alikuwa na sikio moja zima, lile lililomwajiri. Akasema, na tumsikilize mwenyewe maana alisimama kusema:

"Bodi imebaini kwamba sauti za wazee hawa, pamoja na furaha iliyomo, zina mikwaruzo ya kihistoria. Furaha inayosemwa mara nyingi hivi inamtia msikilizaji wasiwasi. Tumeamua sauti zote ziondolewe, na mahali pake iwekwe hotuba ya Mheshimiwa Waziri kuhusu Uji."

Mwasiti akaanza kulia. Lilikuwa chozi la kweli, ila hakuwaambia la nini. Mwenyekiti akamhurumia. Akamwambia asikate tamaa, yeye ni binti mwenye kipaji, na picha zote wamemwachia. Bodi haina ugomvi na picha. Kisha akamgeukia Bwana Mapasa, akamuuliza kama katika kurekodi lilitokea jambo lolote ambalo Bodi ingepaswa kulijua.

Bwana Mapasa akashika ulimi wa kengele usije ukagonga.

"Sikusikia kitu, Mwenyekiti," akasema, na kwa hilo hakuwa amedanganya hata kidogo.

*

Filamu ikaonyeshwa mchana wa Sikukuu ya Uji, ndani ya ghala la marobota la korona ya zamani, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magunia. Kwa mara ya kwanza goti la Bi Nyamizi halikumuuma. Alivaa gauni la Pasaka ya zamani, akakaa kwenye benchi la mbele pamoja na Bi Skola. Benchi hilo lilipangwa pembeni ya kochi la Waziri wa Shukrani, Mheshimiwa Kulwijira, nalo kama kochi lilitazama watu. Itifaki ya Shwarini hairuhusu waziri kuwapa wananchi mgongo. Hivyo skrini ilikuwa nyuma yake, na yeye, filamu nzima, alitazama nyuso za Mkongeni zikimtazama.

Bi Nyamizi na Bi Skola, wasio na itifaki, wakageuka kwenye benchi lao wakajitazama kwenye skrini.

Sauti ya Waziri ikaanza kunguruma kwenye spika, na kwa kweli ilifanana sana na mtambo. Watu wakafanya walivyozoea mtambo ukinguruma. Wakaacha kusikiliza, wakatazama mikono. Kwanza wazee, kisha watoto wa wazee, na wajukuu wakitafsiriwa kwa kunong'onezwa. Sauti ikasema Baba Mlezi ni mwingi wa huruma, mikono ikasema tuliomba, tukakataliwa. Sauti ikasema vyombo vya usalama vilifika Mkongeni vikapokelewa kwa mikono miwili, na mikono miwili ya Bi Skola ikamwaga ndoo na kuanza kujikuna. Ghala zima likaangua kicheko.

Waziri akashangaa, kisha akafurahi. Katika maisha yake ya hotuba hakuwahi kumchekesha mtu kwa kukusudia. Akamnong'oneza Bwana Mapasa, aliyesimama nyuma ya kochi na kengele yake, kwamba ufundi wa kusema ukikomaa unajionyesha wenyewe.

Ngumi ilipopanda kwenye skrini kicheko kikakatika. Iliposhuka, mtu fulani nyuma akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia miaka mingi. Na mwisho kabisa mikono ya Bi Nyamizi, mikubwa, yenye makovu ya miiba ya mkonge, ikasema polepole: tulikuwa wengi, tumebaki wawili, asante hatujaiona. Kisha ikalala mapajani. Sauti ya Waziri ikaendelea peke yake hadi ikaisha, na hakuna aliyejua imesemaje.

Mwanamke mmoja wa makamo, muuza mbogamboga, akasimama. Akapeleka kifundo cha mkono kwenye paji la uso, akauelekeza mkono mbele. Jirani yake akasimama. Wakasimama benchi kwa benchi, mpaka ghala lote likawa mikono iliyonyooshwa kuelekea mbele, bila sauti.

Waziri akaona umati mzima umemnyooshea mkono. Akageuza shingo kidogo.

"Mapasa, wanafanya nini hawa?"

Mwasiti, pale kwenye projekta, aliliona swali likitoka ingawa hakulisikia. Akaona kengele ikipanda kidogo mkononi mwa mkaguzi, na akamwona mama yake naye amegeuka, anamtazama yule mtu mnene mwenye haya. Mtoto wa muoshaji.

"Wanashukuru, Mheshimiwa," akasema Bwana Mapasa. "Ndiyo salamu ya asili ya hapa."

"Nami nafanyaje?"

"Desturi inataka kiongozi airudishe. Lakini kwa kuwageukia hawa wazee wawili. Ndio wanaoipokea kwa niaba ya wote."

Mheshimiwa Kulwijira alikuwa mtu wa kuheshimu desturi, hasa zile alizozisikia sasa hivi. Akainuka kwenye kochi. Akafunga kifungo cha koti. Akawageukia Bi Nyamizi na Bi Skola, akapeleka kifundo cha mkono kwenye paji la uso wake wa kiserikali, na mbele ya mji wote, na mbele ya kamera ya redio na televisheni ya taifa, akawaelekezea.

Bi Skola akaanza kulia. Bi Nyamizi hakulia. Alimtazama Waziri kwa muda, juu mpaka chini, kama anavyotazamwa mtu anayeingia kazini jua limeshapanda. Kisha akainua mkono akajivuta sikio.

Kicheko kilichotoka ghalani siku hiyo kilidondosha magunia madirishani.

"Na hii?" akauliza Waziri.

"Inamaanisha amefurahi kukuona, Mheshimiwa."

Basi Waziri naye akajivuta sikio. Kwa unyenyekevu zaidi, akavuta na la pili.

*

Wizara iliipenda sana salamu ile. Tangu mwaka uliofuata imeingizwa katika utaratibu wa Sikukuu ya Uji, na hivi leo ukienda Shwarini siku hiyo utawaona mawaziri, makatibu na wenyeviti wa bodi wamejipanga kwa mstari mbele ya benchi la bibi wawili wa Mkongeni, wanapeleka vifundo vya mikono kwenye mapaji ya uso, kisha kwa pamoja wanajivuta masikio na kukiri kwamba wamechelewa. Bodi ya Kusikiliza Filamu imeichunguza salamu hiyo kwa kina na haikusikia dosari.

Ila hayo yalikuja baadaye. Siku ile ya kwanza Mwasiti alikunja nyaya, akabeba kamera, akarudi nyumbani taratibu na mama yake, aliyekuwa akitembea bila kuligusa goti. Walipofika mama akavua viatu, akavuta kiti chenye mgongo, kile cha wageni, akakaa.

"Mwasiti," akasema, "nipikie uji."

Mwasiti akadhani hakusikia vizuri.

"Wa ulezi. Na usiuharakishe. Huu nitaunywa nimekaa."